Riwaya ya kwanza ya Morrissey: wahakiki walimwonea, au mashabiki ndio hatutaki kukubali?

Mzee wa Santuri (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila List of the Lost, riwaya ya Morrissey, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya The Smiths, ikitajwa, ubishi huwa uleule. Shabiki atasema wahakiki walikuwa wamemvizia Morrissey miaka mingi na hatimaye wakapata pa kumpigia. Asiye shabiki atabandika ile sentensi moja ya kitandani, watu watacheka, mjadala umekwisha. Mimi nataka tukijadili kitabu chenyewe. Ni kifupi, kurasa mia na ushee, kwa hiyo kisingizio cha kukosa muda hakipo.

Kwa wasiokijua: kilitoka Septemba 2015 chini ya Penguin. Mahali ni Boston, miaka ya 1970. Ezra, Nails, Harri na Justy ni wanachuo wanaokimbia mbio za kupokezana vijiti. Wameiva, kocha anawanoa kwa ajili ya mashindano makubwa, hawaoni wa kuwazuia. Siku moja porini wanakutana na mzee fukara mwenye maneno ya kutisha, purukushani inatokea, mzee anakufa. Tangu hapo balaa haliwaachi. Hakuna sura hata moja, maandishi yanatiririka tu kutoka ukurasa wa kwanza.

Msimamo wangu ni huu. Riwaya imeshindwa, na waliosema imeshindwa walikuwa sahihi. Ila wengi wao hawakujisumbua kueleza kwa nini. Walicheka wakaondoka. Na sisi mashabiki, badala ya kuwabana watupe sababu, tukakimbilia kulia kwamba mtu wetu anaonewa. Mimi The Smiths nawasikiliza tangu enzi za kaseti, kwa hiyo msinitafutie uadui nisiokuwa nao.

Ngoma Nzito

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu, ila hapa umewapa ushindi wa mezani.

Kitabu hakijakaa vizuri dukani, tayari Michael Hann wa The Guardian kashawasihi watu wasikisome. Wengine wakafuata mkondo huohuo, kila mmoja anatafuta kejeli kali kuliko ya mwenzake. Huo ni uhakiki au mashindano ya vichekesho? Nani alikaa akajiuliza hii ni riwaya ya aina gani? Ni hadithi ya laana na mizimu. Kwenye hadithi za namna hiyo watu hawaongei kama wako foleni ya basi. Wananguruma. Ndivyo zilivyo tangu zamani.

Halafu kuna Harri. Anafiwa na mama yake, na baada ya hapo naye hafiki mbali. Kurasa zile zina uchungu wa kweli. Nitajieni mhakiki mmoja aliyezipa nafasi inayostahili. Kingeandikwa na kijana asiyejulikana, wangemwita jasiri.

BintiVitabu

Kingeandikwa na kijana asiyejulikana kisingechapishwa, kaka. Tuanzie hapo.

Twende nyuma miaka miwili. Tawasifu yake ilitoka Oktoba 2013, tena ikavishwa jalada la Penguin Classics, mfululizo wa vitabu vya magwiji wa kale, kina Homer. Siku hiyohiyo ya kutoka! Watu walipiga kelele kuhusu jalada, na walikuwa na haki. Lakini walipoanza kusoma, wahakiki haohao wa magazeti ya Uingereza walizisifu mno kurasa za utotoni: Manchester ya baada ya vita, shule za walimu wakatili, mtoto anayekimbilia televisheni na santuri ili apate pa kupumulia. Kitabu kikaongoza mauzo ya Uingereza. Kilichopondwa ni nini? Ni makumi ya kurasa za malalamiko juu ya kesi ya mirabaha, ile aliyofunguliwa na Mike Joyce, mpiga dramu wa The Smiths, na Morrissey akashindwa mahakamani 1996. Na hapo hata mashabiki sugu walikiri walikuwa wanaruka kurasa.

Sasa niambie, chuki ya wahakiki ilienda likizo 2013 ikarudi 2015? Mimi naona kitu kingine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kinanda

Naweka kambi hapa. Sijakisoma, na kwa ninavyowaona sitakisoma, lakini endeleeni.

Ngoma Nzito

Dada, tawasifu ni maisha yake mwenyewe. Hapo walimruhusu kwa sababu walitaka umbea wa Johnny Marr, mpiga gitaa wao, na kuvunjika kwa bendi. Mwanamuziki akivuka na kuingia kwenye riwaya, ndipo walinzi wanaposimama mlangoni. "Rudi kwenye gitaa lako." Ndiyo hali yenyewe.

Ushahidi ninao. Desemba ileile ya 2015 wakampa tuzo ya Bad Sex in Fiction, ile ya maelezo mabaya ya ngono riwayani. Kitabu kina laana, vifo, kina mtoto aliyeuawa, kina mama anayelia hata baada ya kufa. Vyote vikafutika, ikabaki aya moja ya faragha inayosomwa kwa sauti ya kubeza. Mpaka leo ukitaja riwaya hiyo mtu anakuuliza kuhusu aya hiyo tu.

Ukurasa wa Mwisho

Kwenye tuzo nakuunga mkono nusu, Ngoma.

Ile tuzo ilianzishwa 1993 na jarida la Literary Review, wakati mhariri wake alikuwa Auberon Waugh. Tangu mwanzo ilikuwa ya kejeli. Ilikuwa inaokota kipande kimoja cha kitabu kizima na kukianika. Haikudai kuwa imepima riwaya. Mfano ninaoupenda ni wa 2009, mshindi alikuwa Jonathan Littell. Kitabu kilichompa aibu hiyo ndicho kilichompa Goncourt ya 2006, tuzo kubwa kuliko zote Ufaransa! Norman Mailer alipewa akiwa ameshafariki. Mwaka huohuo wa Littell, mwanamuziki Nick Cave naye alikuwa kwenye orodha fupi kwa riwaya yake ya pili, na hakuna aliyesema Cave ameishiwa.

Kwa hiyo ndiyo, anayetumia tuzo ile kama hukumu ya kitabu hajui anachokisema. Lakini na wewe huwezi kuitumia kama ushahidi wa njama. Waliopita hapo wengi ni waandishi wa kazi hiyohiyo, si wanamuziki. Sebastian Faulks, Tom Wolfe. Walinzi wako wa mlangoni wanawapiga hata wenye nyumba.

Mchana Kweupe

Mnazunguka mbuyu. Jamaa aliponzwa na siasa zake. Kuvaa beji ya For Britain, chama cha mrengo mkali wa kulia Uingereza, kwenye televisheni ya Marekani, kutetea wale watu, nani angemsifia kitabu? Vyombo vya habari vya London vilishamfuta.

BintiVitabu

Mkuu, hesabu ya miaka haikubali. For Britain kilianzishwa 2017, na beji ni 2019. Riwaya ni ya 2015. Huwezi kumwadhibu mtu kwa kosa la miaka minne mbele.

Ukitaka vurugu za kabla ya hapo, zipo. Mwaka 2007 aligombana na NME, jarida la muziki la Uingereza, juu ya mahojiano yaliyogusa uhamiaji, akawashtaki, na 2012 jarida likaomba radhi. Mwaka 2010 akatoa kauli ya kuwadhalilisha Wachina alipokuwa analaani wanavyotendewa wanyama, na hiyo haikuwa na wa kuisingizia. Kauli hiyo ilikuwapo hewani 2013 tawasifu iliposifiwa. Tunarudi palepale.

Ukurasa wa Mwisho

Na hili la walinzi wa mlangoni lina majibu mepesi.

John Darnielle, yule wa bendi ya The Mountain Goats. Riwaya yake Wolf in White Van ilitoka 2014, mwaka mmoja tu kabla ya Morrissey, ikaingia orodha ndefu ya National Book Award Marekani. Chico Buarque wa Brazili, riwaya yake Estorvo ya 1991 ilipata tuzo ya Jabuti, na 2019 akapewa Camões, ambayo kwa waandishi wa Kireno hakuna ya juu yake. Hawa ni wanamuziki, wana mashabiki, wana majina. Mlango ulifunguka.

Halafu tumtaje Gaël Faye. Huyu ni rapa, kazaliwa Bujumbura, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda. Petit pays ilitoka 2016, ikafika fainali ya Goncourt, tuzo ikaenda kwa Leïla Slimani, lakini ile Goncourt ya wanafunzi wa sekondari akaichukua Faye. Ni riwaya yake ya kwanza. Wahakiki wa Paris, watu ambao hakuna anayewasifu kwa ukarimu, walisimama.

Angalia alivyofanya. Alikuwa na wimbo wenye jina hilohilo kwenye albamu yake ya 2013. Angeweza kuuvuta wimbo mpaka ufike kurasa mia mbili, mafumbo juu ya mafumbo. Hakufanya hivyo. Alianza upya na sauti ya mtoto, Gaby, anayeishi kwenye uchochoro wa Kinanira, mtaa wa Bujumbura, na shughuli yake kubwa ni kuiba maembe ya majirani na wenzake. Vita inamfikia kwa vipande, redioni, kwenye minong'ono ya wakubwa. Kuna mahali mama anarudi kutoka Rwanda baada ya mauaji ya 1994, na usiku anamwendea binti yake mdogo kumsimulia alichokiona. Faye haongezi chumvi pale. Sentensi ni kavu kabisa. Nilifunga kitabu nikaenda kusimama nje.

Kinanda

Hicho cha Faye sasa ndicho kimenitoa kambini. Naandika jina pembeni.

Mzee wa Santuri (mleta mada)

Marahaba, Ngoma, nilikuwa sijakuitikia. Asante Ukurasa, umenisaidia kufika ninapotaka.

Swali la kwa nini Faye na Darnielle waliweza halijibiwi kwa kipaji. Sioni aibu kusema Morrissey ana kipaji cha maneno kuliko wote wawili. Mistari yake ya miaka ya 1980 mtu anaitamka kama methali bila kujua alikoitoa. Tatizo liko mahali pengine.

Kumbukeni nyimbo za The Smiths zilivyokuwa zinatengenezwa. Kwa kawaida Marr alitunga muziki kwanza, akamkabidhi Morrissey kwenye kaseti. Morrissey akaweka maneno juu yake. Maana yake nini? Maana yake urefu umeshakatwa. Beti zimeshahesabiwa. This Charming Man haifiki hata dakika tatu. Una mawazo kumi, nafasi ipo ya matatu, saba yanakufa. Na hayo matatu kila yanapofika mwisho, gitaa linaingia na kumpa msikilizaji pumzi ya kucheka au kuumia. Marr hakuwahi kuitwa mhariri, lakini kazi aliyokuwa anaifanya ni ya mhariri. Muziki wenyewe ulikuwa mhariri.

Sasa mpe mtu huyohuyo ukurasa mtupu, bila kaseti, bila dakika tatu, halafu mpe mchapishaji aliyekwisha kukubali jalada la Homer. Nani atamwambia kata? Mawazo kumi yanaingia yote kumi. Utani unafuatwa na utani mwingine juu ya herufi ileile ya mwanzo, kisha mwingine, na gitaa haliji. Msomaji hapumui.

Chukueni mazungumzo ya wale vijana wanne wakiwa mazoezini. Wanariadha wa umri wa chuo, wamechoka, wana jasho. Kila mmoja akifungua mdomo anatoa sentensi ndefu yenye michezo mitatu ya maneno. Ukifuta majina pembeni huwezi kujua ni Nails aliyesema au Justy. Kocha wao, Mr Rims, naye vilevile. Eliza, mpenzi wa Ezra, vilevile. Wote ni Morrissey mwenye kaptura. Kisha katikati ya Boston ya miaka ya 1970 msimulizi anawaacha wahusika njiani, anaanza kuhutubia juu ya ulaji wa nyama na watawala wa Uingereza. Wimbo wa kulaani nyama ulimpa heshima kubwa 1985, ulikuwa na sababu ya kuwepo pale ulipo. Hapa wakimbiaji wanasubiri amalize.

Hicho ndicho ambacho wahakiki wangetueleza. Badala yake tukapewa "kitabu kibaya kuliko vyote" na vichekesho. Mhakiki mwenye haraka alimkosea heshima msomaji zaidi kuliko alivyomkosea Morrissey.

Ngoma Nzito

Mzee, umeongea na nimekuelewa. Ila nakupa kigingi kimoja ukiruke.

Nick Cave. Riwaya yake ya kwanza, And the Ass Saw the Angel, 1989. Kule ndani kuna lugha ya Biblia iliyovimba, maneno ya kubuni, sentensi zisizoisha, damu, tope, ulevi. Ukizungumzia kukosa kukatwa, pale napo. Na kilipokelewa vizuri kwa ujumla, mpaka leo kinachapishwa na kusifiwa. Kwa nini Cave anaruhusiwa kunguruma na Morrissey haruhusiwi? Kama si upendeleo ni nini?

Mzee wa Santuri (mleta mada)

Hicho ni kigingi kizuri na ndicho nilichokuwa nakingoja.

Cave aliuweka ule uvimbe wote kinywani mwa mtu mmoja. Euchrid ni bubu. Kazaliwa na mama mlevi, katika bonde la watu wa dini kali wanaomwona mkosi. Hajawahi kutamka neno, na sehemu kubwa ya hadithi anaisimulia kichwani huku anazama taratibu kwenye tope. Mtu wa namna hiyo, ambaye amekulia katikati ya lugha ya Biblia na hana aliyewahi kumsikiliza, akianza kuongea unatarajia nini? Atanguruma. Kuvimba kwa lugha kunakuambia yeye ni nani. Ukimwandikia sentensi fupi safi umemuua.

Tena Cave aliianzia kwenye muswada wa filamu, kwa hiyo mifupa ya kisa ilikuwapo kabla ya nyama. Unajua nani yuko wapi na anataka nini. Kwa Morrissey, mifupa ni ule mwanzo tu. Mzee anakufa porini, na baada ya hapo matukio yanakuja kwa sababu mwandishi amekumbuka kwamba ni hadithi ya laana.

Ukurasa wa Mwisho

Naomba niongeze hapo, kabla mtu hajaleta hoja ya "wakati utaamua". Huwa inaletwa kila mara kwa jina la Leonard Cohen, mwimbaji wa Kanada. Ni kweli riwaya yake ya 1966, Beautiful Losers, ilitukanwa kwao Kanada na haikuuza, leo inafundishwa vyuoni. Lakini Cohen kwanza alikuwa mshairi na mwandishi, kitabu chake cha kwanza cha mashairi ni cha 1956 na albamu ya kwanza ni Desemba 1967. Yeye ni mwandishi aliyehamia muziki. Na hata waliochukizwa na ile riwaya walikiri kuna jambo zito linajaribiwa mle. Walibishana.

Anayemfaa Morrissey kwa mfano ni Bob Dylan. Tarantula ilikuwa itoke 1966, ikaja kutoka 1971, na miaka yote hii ni wachache mno walioirudia wakasema tuliidharau bure. Nobel ya 2016 alipewa kwa nyimbo zake. Wakati uliamua, ndiyo, na uliamua hivyo.

Mchana Kweupe

Kwa hiyo wanamuziki wabaki kwenye muziki?

BintiVitabu

Hapana jamani, tumetaja wangapi hapa? Darnielle aliandika mtu aliyeharibika uso, anaendesha mchezo kwa njia ya barua, na kisa kinasimuliwa kurudi nyuma. Muundo mgumu ule. Huwezi kuufanya bila mtu wa kukuambia hapa nimepotea, hapa umerudia. Anayeingia kwenye riwaya kama mwanafunzi anapokelewa kama mwanafunzi. Anayeingia na msafara anapokelewa kama msafara.

Na Ngoma, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Kurasa za Harri baada ya msiba nimezisoma tena jana kwa sababu yako. Kuna aya pale ambazo zimetulia. Anaacha utani, anaandika huzuni ya mtu aliyebaki peke yake kwenye nyumba, na inakuingia. Mhariri mwenye moyo angeanzia hapo, amwambie Morrissey tupa mengine, andika kitabu cha huyu kijana na mama yake. Mimi ningekinunua.

Ngoma Nzito

Ahsante dada. Basi angalau tumekubaliana kwamba kuna kitu mle ndani, ila hakuna aliyekitafuta. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Kuhusu kuonewa bado sijarudi nyuma. Mhakiki analipwa atafute, na wale walilipwa wakacheka. Mzee kasema mwenyewe.

Mzee wa Santuri (mleta mada)

Nimesema na sifuti. Ila kucheka kwao hakukigeuzi kitabu kuwa kizuri, na hilo ndilo unalolikwepa tangu jana.

Kinanda

Wakuu, nisaidieni mimi niliyekuja mikono mitupu. Nianze na kipi?

BintiVitabu

Anza na Faye. Kama Kifaransa hukiwezi, tafsiri ya Kiingereza ya Sarah Ardizzone ipo tangu 2018. Ukimaliza nenda kwa Darnielle, halafu Cave ukiwa na tumbo gumu. Cha Morrissey fungua kurasa za Harri tu, Ngoma Nzito atakuonyesha zilipo.

Ngoma Nzito

Nitamwonyesha. Na atasoma zote, kwa sababu ukianza na Harri lazima utake kujua aliyewalaani ni nani.

Kinanda

Na ni nani?

Mzee wa Santuri (mleta mada)

Hapo sasa umeuliza swali ambalo mwandishi mwenyewe alilisahau kwenye ukurasa wa arobaini.